Ndege ya Vita katika Makumbusho: Kuhifadhi au Kuifanya Upya?

Lugha yetu imevipa viumbe viwili jina moja. Yule arukaye kwa mbawa alizoumbiwa ni ndege, na kile chombo cha chuma ambacho wazee walikiita eropleni nacho siku hizi ni ndege. Lakini sarufi haikuvichanganya: ndege wa porini ameruka, ndege ya abiria imeruka. Kwa msemaji wa Kiswahili jambo hili li wazi hata halisemwi. Nimelikumbuka mara nyingi nilipokuwa nikifuata ubishi wa miaka mingi ulioko Uingereza, Marekani na kwingineko juu ya ndege zilizopigana katika Vita Kuu ya Pili, ambazo sasa zimewekwa katika nyumba za makumbusho. Katika ubishi huo watu wenye elimu na nia njema husemezana bila kuafikiana, na mara nyingi sababu yake ni kwamba mmoja asema juu ya kitu, na mwenziwe asema juu ya kiumbe aliyemjua.

Kabla ya kuingia katika mambo yenyewe yafaa tuyapambanue maneno matatu. Kuhifadhi ni kukizuia kitu kisiharibike zaidi ya kilivyo. Kutengeneza ni kukirudishia kile kilichopungua au kuvunjika. Kuunda upya ni kutwaa kipande au vipande na kufanya kwavyo kitu kizima ambacho hakikuwapo jana. Siku hizi neno kukarabati latumika kwa yote matatu, nalo ni neno lifaalo kwa nyumba na barabara. Lakini mtu akisema kwamba ndege fulani imekarabatiwa, hajatuambia kama tutakachokiona ni mabaki, au ni mabaki yaliyotiwa viraka, au ni sanamu.

Mfano ulio bora kuliko yote ninaoujua ni wa ndege za Waingereza ziitwazo Halifax. Hizi zilikuwa ndege kubwa za kutupa mabomu, zenye injini nne, nazo zilijengwa zaidi ya 6,000. Vita vilipokwisha hapana aliyefikiri kuiweka hata moja nzima. Zote zilivunjwa kwa ajili ya chuma chake. Kwa hiyo watu walipoanza kuitamani Halifax iliwapasa kuitafuta ilikoangukia, na leo ziko tatu ambazo mtu aweza kwenda kuzitazama, kila moja imetendewa kwa njia yake.

Ya kwanza yajulikana kwa nambari W1048. Usiku wa tarehe 27 Aprili 1942 iliruka kutoka Uskochi kwenda kuishambulia manowari ya Kijerumani Tirpitz iliyokuwa imejificha katika ghuba moja ya Norwei, karibu na Trondheim. Ikapigwa na mizinga ya nchi kavu, bawa likashika moto, na rubani akaishusha juu ya barafu ya ziwa la Hoklingen. Askari wote waliokuwamo walitoka salama. Watano walikwenda kwa miguu mpaka Uswidi, na mmoja aliyevunjika kifundo cha mguu alitekwa. Barafu ikayeyuka, ndege ikazama. Mwaka 1973 wazamiaji waliitoa ziwani ikapelekwa Uingereza, na tangu 1983 imekuwa ikionyeshwa katika makumbusho ya jeshi la anga huko Hendon, London. Mafundi walianza kuitengeneza, kisha kazi ikasimamishwa na ikaamuliwa kwamba ibaki, kwa sehemu kubwa, kama ilivyotoka majini: mbavu zimetokeza, ngozi imetoboka, rangi imechubuka.

Ya pili, NA337, iliangushwa katika Aprili 1945, siku chache kabla ya vita kwisha, ilipokuwa ikiwapelekea Wanorwei waliowapinga Wajerumani silaha na mahitaji. Sita kati ya saba waliokuwamo walikufa. Aliyepona ni yule aliyekaa mkiani. Ndege hiyo ilitolewa mwaka 1995 katika ziwa la Mjøsa, kutoka kina cha zaidi ya mita 200, ikapelekwa Trenton, nchini Kanada, na mafundi, wengi wao watu waliojitolea bila mshahara, wakaifanyia kazi kwa miaka kumi. Mwaka 2005 ilifunuliwa mbele ya watu ikiwa nzima na rangi inang'aa, kana kwamba imetoka kiwandani asubuhi ile.

Ya tatu iko Elvington, katika jimbo la Yorkshire. Asili yake ni kipande cha mwili wa Halifax ambacho mkulima mmoja wa kisiwa cha Lewis alikuwa amekinunua kama chuma chakavu na kukifanya banda la kuku. Wapenzi wa ndege walikitwaa, wakatafuta mabawa ya ndege ya aina nyingine iitwayo Hastings, wakapata injini kwingine, na sehemu nyingi wakazichonga wenyewe. Mwaka 1996 kazi ilikamilika, na ndege hiyo ikapewa jina na alama za Halifax nyingine mashuhuri iliyokwenda vitani mara 128 na kisha kuvunjwavunjwa. Mtu akiuliza, "Je, hii ni Halifax?" sijui mwenyeji wa pale atamjibuje bila kuanza na habari za kuku.

Sisemi haya kwa kuwacheka. Aliyeziona picha za banda lile na picha za ndege iliyotoka humo hana budi kuwavulia kofia mafundi wa Elvington. Nao wana hoja yenye nguvu. Husema kwamba vijana waliopanda Halifax hawakupanda gofu. Walipanda chombo kizima, cheusi, chenye kunguruma, na wengi wao hawakurudi. Mzee aliyekuwa mmoja wao akiletwa mbele ya mabaki ya Hendon, huona kaburi, haioni ndege yake. Na mtoto wa shule akiletwa hapo huona chuma kilichooza. Ikiwa makumbusho ni mahali pa kukumbusha, kama neno lenyewe lisemavyo, basi kitu kisichoweza kumkumbusha mtu jinsi kilivyokuwa kimeshindwa kazi yake. Wanaongeza hoja ya pili ambayo wasomi huipita haraka mno, nayo ni kwamba kuacha si kuhifadhi. Aluminiamu iliyokaa majini miaka thelathini haitulii inapoletwa hewani. Chumvi na unyevu vilivyomo huendelea kuila, na mahali palipounganishwa na chuma cha pua au shaba huliwa upesi zaidi. Mwaka 2013 Waingereza walipoitoa baharini ndege ya Kijerumani aina ya Dornier 17, ya pekee ya aina yake iliyojulikana kubaki, iliwapasa kuinyunyizia maji yenye asidi ya ndimu muda mrefu ndani ya mahema kabla hata ya kuthubutu kuikausha.

Walakini wenye kutaka kuziacha wana hoja ambayo wasomaji wa jarida hili wataitambua mara moja, kwa maana ni hoja yetu ya kila siku. Tunajua hali ya miswada ya tendi katika hati za Kiarabu. Mnakili mwenye elimu akikuta neno asilolifahamu huliandika alilodhani. Akikuta mizani imepungua huijaza. Na kazi yake huwa safi na ya kupendeza kuliko aliyoinakili. Miaka mia ikipita, mhariri hukuta nakala safi tu, wala hawezi kujua lipi ni la mtunzi na lipi ni la mnakili. Hiyo ndiyo hasara. Hata hivyo sisi tuna faraja moja ambayo wenye makumbusho hawana: pengine mswada wa kwanza bado umelala ndani ya kasha la mtu huko Lamu au Siyu, kwa kuwa mnakili wetu aliandika juu ya karatasi nyingine. Fundi wa ndege huandika nakala yake juu ya karatasi ile ile ya asili. Anapoikwangua rangi ili apake mpya, amefuta rangi iliyopakwa na mtu wa 1942, na chini yake ile ya 1941, na pamoja nazo alama za vidole, maandishi ya kalamu ya risasi ya wafanyakazi wa kiwanda, na mikwaruzo ya viatu vya askari kwenye ngazi. Anapong'oa bati lenye tundu la risasi na kutia bati jipya, ameliondoa jambo ambalo ndege ile peke yake ndiyo iliyoweza kulishuhudia. Fundi mwaminifu huweka daftari na picha za kila alichokiondoa, na katika makumbusho yaliyo mazuri hii ni sheria. Lakini daftari ni habari za shahidi, si shahidi.

Wapo wanaosema kwamba ubishi huu hauna maana, kwa kuwa jahazi nalo hubadilishwa mbao moja moja mpaka isibaki hata moja ya kwanza, na nahodha bado huliita kwa jina lake la zamani. Ni kweli. Lakini jahazi ni la kusafiria, na mbao zake hubadilishwa ili lisafiri kesho. Hapo ndipo penye swali kubwa kuliko la rangi na mabati, yaani: je, ndege iliyohifadhiwa yafaa irushwe?

Kisa kimoja cha swali hilo kilianzia Afrika. Katika Novemba 1942 majeshi ya Rommel yalipokuwa yakirudi nyuma nchini Libya, waliacha katika uwanja wa Gambut ndege ya kupigana aina ya Messerschmitt 109, ambayo kwa namba iliyoandikwa ubavuni iliitwa Sita Nyeusi. Askari wa Australia wakaitwaa, ikafika Uingereza, na kuanzia mwaka 1972 kikundi kidogo cha mafundi wa kujitolea kikaitengeneza kwa uangalifu mkubwa hata ikaruka tena tarehe 17 Machi 1991. Ilikuwa ndege ya kweli, yenye vita vyake, si sanamu iliyoundwa, nayo ilikuwa mali ya serikali. Baadhi ya watu waliomba tangu mwanzo isirushwe. Ikapewa ruhusa ya miaka michache, ikaongezewa, na mwishoni mwa msimu wa 1997 ilikuwa ipelekwe makumbushoni isiruke tena. Tarehe 12 Oktoba mwaka huo, katika onyesho lililokuwa la mwisho, injini ilipata hitilafu, ndege ikavuka barabara kuu karibu na Duxford ikapinduka shambani. Rubani alipona. Ndege ilitengenezwa mara ya pili, na safari hii kwa kusimama tu.

Wamarekani walipata hasara iliyo mbaya zaidi. Ndege yao ya aina ya B-29 iliyopewa jina Kee Bird ilitua kwa dharura juu ya ziwa lililoganda kaskazini kabisa ya Grinlandi katika Februari 1947, na baridi ikaitunza karibu nusu karne pasipo mlinzi. Mafundi walikwenda huko mwaka 1994 ili waitengeneze pale pale na kuirusha. Fundi wao mkuu aliugua huko akafa. Wakarudi 1995, wakawasha injini zote nne, na tarehe 21 Mei, ilipokuwa ikijivuta juu ya barafu ili iruke, moto ulizuka ndani ya mkia ukaiteketeza. Katika miaka ya karibuni ndege za zamani zenye kuruka zimeua watu saba mahali pamoja huko Connecticut mwaka 2019, na sita Dallas mwaka 2022. Waliokufa walizipenda ndege zile kuliko sisi tunaoandika. Kwangu mimi, chombo kilichobaki peke yake hakina ruhusa ya kuhatarishwa, kwa kuwa furaha ya saa moja haina daftari.

Nitataja kwa ufupi kisa cha Misri, kwa sababu chaonyesha kwamba hata kukubaliana juu ya kuhifadhi hakutoshi kama haijulikani nani mwenye haki. Mwaka 2012 wafanyakazi wa mafuta walikuta katika jangwa la magharibi ndege ya Kiingereza aina ya Kittyhawk iliyotua kwa dharura katika Juni 1942. Mwili wake ulikuwa karibu mzima, na hapana aliyekuwa ameigusa kwa miaka sabini. Mara habari zilipoenea watu wakaanza kunyofoa vipande. Makumbusho ya Kiingereza yalitaka kuipata, na kwa ajili ya kazi ya kuichukua yakatoa ndege moja ya Spitfire kutoka katika akiba yao, jambo ambalo liliwaudhi wengi. Lakini Kittyhawk ilibaki Misri. Iliwekwa El Alamein, na baadaye ikapakwa rangi mpya ambayo wajuzi waliilaumu kuwa si yake. Wamisri nao wangeweza kuuliza kwa nini mabaki yaliyolala katika ardhi yao yaamriwe na watu wa London. Sioni jibu jepesi.

Tukifika Washington, ubishi wahama kutoka kwenye chuma na kuingia katika maneno, na hapo wanalugha ndio wanaohusika hasa. Enola Gay ni ile B-29 iliyotupa bomu la atomiki juu ya Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Rubani wake Paul Tibbets aliipa jina la mama yake. Mwaka 1949 ilikabidhiwa Taasisi ya Smithsonian, lakini taasisi haikuwa na mahali pa kuiweka. Kwa miaka kadhaa ilisimama nje katika uwanja wa jeshi karibu na Washington. Watu wakaiba vitu vyake, na ndege, nasema wale wenye manyoya, wakajenga viota ndani yake. Ilifunguliwa vipande vipande mwaka 1960 ikawekwa ghalani. Askari waliopigana zamani walilalamika kwa miaka mingi kwamba ndege yao imedharauliwa. Hatimaye katika Desemba 1984 mafundi walianza kuitengeneza, kazi iliyochukua saa zipatazo 300,000.

Maonyesho ya mwaka 1995, ukiwa mwaka wa hamsini tangu vita kwisha, yalikusudiwa kuonyesha sehemu ya mwili wa ndege hiyo pamoja na maelezo marefu juu ya bomu, sababu za kulitupa, na waliokuwa chini yake. Maelezo ya kwanza yalipotoka mwaka 1994 vyama vya askari na wenye jeshi la anga waliyakataa. Sentensi iliyowaudhi kuliko zote ilisema, kwa maana yake, kwamba kwa Wamarekani wengi vita vile vilikuwa vya kulipiza kisasi, na kwa Wajapani wengi vilikuwa vya kuutetea utamaduni wao. Waandishi waliiondoa katika maelezo yaliyofuata, lakini wapinzani waliendelea kuitaja miezi baada ya kuondolewa. Kwa hiyo sentensi iliyofutwa ikawa ndiyo isomwayo na wengi. Baraza la Seneti likatoa azimio dhidi ya maonyesho. Kisha ikabishaniwa idadi: je, kama Japani ingalivamiwa kwa nchi kavu, Wamarekani wangapi wangalikufa na kujeruhiwa? Mkurugenzi, Martin Harwit, alipokusudia katika Januari 1995 kuandika 63,000, ambayo ilikuwa ndogo sana kuliko iliyokuwa imekubaliwa, mapatano yakavunjika. Tarehe 30 Januari maonyesho yale yalifutwa, na katika Mei Harwit akajiuzulu. Badala yake uliwekwa mwili wa ndege na maneno machache juu ya utengenezaji wake. Karibu watu milioni nne walikwenda kuuona.

Katika Desemba 2003 ndege nzima, iliyounganishwa na kung'arishwa hata kuonyesha sura ya mtazamaji, iliwekwa katika jengo jipya huko Chantilly, Virginia. Kibao chake kilieleza ukubwa wake, nguvu zake na kazi yake, wala hakikutaja idadi ya waliokufa. Watu waliookoka Hiroshima walikuja siku ya kufunguliwa. Pakawa na kelele, na chupa yenye rangi nyekundu ikatupwa ikabonyeza bati la ndege. Mimi hujiuliza juu ya mbonyeo ule. Kama tundu la risasi la 1944 ni historia isiyofaa kuzibwa, je, mbonyeo wa 2003 ni uharibifu wa kutengenezwa, au nao ni sehemu ya maisha ya kitu hicho? Anayeitaka Enola Gay kama ilivyokuwa asubuhi moja ya Agosti atajibu upesi. Lakini amekwisha kuchagua asubuhi ile dhidi ya siku nyingine zote za ndege hiyo, pamoja na miaka ya mvua na viota, na kuchagua huko ni maelezo yenye nguvu kuliko kibao, ijapokuwa hakuna Seneti iliyokuja kuyajadili. Waliodhani kwamba wakiondoa maneno watabaki na kitu kitupu kisicho na upande, hawakutambua kwamba mng'aro nao ni sentensi.

Taasisi hiyo hiyo imebadili mwenendo wake katika kazi nyingine. Inayo ndege ya kutupa mabomu aina ya B-26 iitwayo Flak-Bait, yaani chambo cha mizinga, iliyokwenda vitani Ulaya zaidi ya mara 200 na kurudi kila mara. Sehemu yake ya mbele ilionyeshwa mjini Washington tangu 1976. Mwaka 2014 ilihamishiwa karakana ya Chantilly ili iunganishwe na mwili na mabawa yaliyokuwa ghalani, na uamuzi ulikuwa kwamba haitakwanguliwa wala kupakwa upya. Mafundi waliofundishwa kung'arisha ikawabidi wajifunze kusafisha kwa pamba na maji kidogo, wakifuata ukingo wa rangi uliobanduka ili usibanduke zaidi. Juu ya ngozi yake mna viraka vya matundu yanayozidi 1,000, vilivyopigwa ribiti na mafundi wa vitani kati ya safari moja na nyingine, vingine vimenyooka na vingine vimekwenda upande. Na karibu na dirisha la rubani yapo yale mabomu madogo yaliyochorwa kwa mkono, moja kwa kila safari, yasiyolingana ukubwa, kwa kuwa mchoraji hakuwa mmoja.